Tusi Nililolisubiri

Kwanza niwaambie nilivyo, maana hamnioni. Mie mweupe. Si weupe wa krimu, la, wa kuzaliwa nao. Nywele zinalala zenyewe na pua imechongoka. Babu mzaa mama alikuwa Mmanga, Mwarabu wa Oman, mwenye duka kule Newala. Alikuja na duka, akaondoka na duka, akamwachia bibi yangu mimba. Mama akaichukua rangi ya baba yake, nami nikaichukua kwa mama. Kaka yangu ilimruka. Yeye mweusi tii, mfupi, kifua kipana, ukimwona tu unasema huyu wa Newala huyu. Tumezaliwa tumbo moja, baba mmoja, tumekulia chumba kimoja Temeke, na hakuna mtu aliyewahi kuamini mpaka aapiwe.

Sasa, kwetu Wamakonde ukoo unakwenda kwa mama. Bibi Mmakonde, mama Mmakonde, mie Mmakonde, binti yangu Mmakonde. Baba ni mgeni aliyekaribishwa vizuri, akiwa Mmanga, akiwa Mngindo kama mume wangu, shauri yake. Kwa hesabu hiyo mie ni Mmakonde kuliko watu kibao wanaojigamba hapa mjini huku mama zao wa Tabora. Lakini nani anakuuliza hesabu? Watu wanakutazama usoni, wanamaliza.

Nisiseme uongo, weupe umenifaa. Benki naoneshwa kiti. Dukani naitwa mama kabla sijafungua mdomo. Siku moja tulikwenda na kaka yangu kwenye harusi ya binamu yetu, hoteli moja ya Mbezi Beach. Yeye ndiye aliyekuwa anaendesha, gari lake mwenyewe, suti yake ya bei. Mlinzi kanifungulia mlango mie, "Karibu sana, madam," kisha kamgeukia kaka: "Braza, madereva wanakaa kule nyuma, kuna na chakula chenu."

Mtu mwingine angefoka. Kaka yangu akasema, "Sawa, bosi," akaenda kweli kukaa na madereva. Akala pilau lao sahani mbili, akaja kunitafuta ukumbini saa nzima baadaye anajipiga tumbo, eti la nyuma lina nyama kuliko la mbele. Wakati wa kurudi alikaa kimya mpaka Mwenge. Pale kwenye taa akaniuliza, "Madam, kesho nikufuate saa ngapi?" Tulicheka mpaka taa ikawaka kijani na watu wakatupigia honi. Nilicheka, lakini nilimwonea uchungu kaka yangu siku ile, na nilijionea aibu kwamba nilikuwa nimeshapita mlangoni kabla sijageuka kusema neno.

Ila kuna kitu kimoja kaka alikuwa nacho ambacho mie nilikikosa, na nilimwonea kijicho tangu utotoni. Alikuwa na watani.

Watani wetu ni Wayao. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele za watu, akunyang'anye sahani mkononi, akumwagie maji msibani, nawe ukasirike wapi? Ukinuna anakuongezea. Nawe ukimwotea unamfanyia vilevile. Kaka yangu hakuweza kupita mtaani kwetu Temeke bila mzee mmoja wa Kiyao, fundi baiskeli, kumpigia kelele: "Wewe mla panya, mkia unaonekana mdomoni!" Kaka anamjibu, wanatukanana mpaka watu wanatoka nje kusikiliza. Mie nikiwa nyuma yake na kapu la sokoni, mzee yule ananiinamia kidogo. "Shikamoo hujanipa, binti, lakini hujambo? Wazima nyumbani?" Basi. Adabu tupu.

Bibi alipofariki, nikiwa msichana wa miaka ishirini hivi, watani walikuja kundi zima. Nyie, siku ile! Mmoja alivaa kanga ya marehemu, akatembea anavyotembea bibi, mguu wa kushoto unachelewa, anawaomba wakwe zake ugoro. Mwingine alibeba sufuria la wali akakimbia nalo mpaka kwa jirani. Waliokuwa wakilia walicheka na machozi yao yaleyale. Wakawapitia wajukuu mmoja mmoja mkekani, huyu anamwagiwa maji, yule anaambiwa kwamba bibi kafa kwa sababu ya mapishi yake. Nikawa nahesabu moyoni: bado watatu, bado wawili, bado mmoja. Nilishajiandaa hata jibu.

Mtani akafika kwangu. Kopo la maji analo mkononi. Akanitazama, akalishusha. "Pole sana, mama," akasema kwa sauti ya chini, kisha akageukia jikoni: "Jamani, mgeni amekaa chini! Mleteeni kiti."

Mie ndiye niliyemfulia bibi nguo miezi minne aliyolala. Mie ndiye niliyemlisha uji. Nikaletewa kiti, na soda, nikakaa juu peke yangu katikati ya ndugu zangu waliolowa chapachapa, mkavu kama mkate wa jana. Nililia sana siku ile, watu wakasema huyu Mwarabu alimpenda yule bibi kizee.

Miaka ikaenda. Nikawa mwalimu, shule moja ya msingi upande wa Wazo, ambako vumbi la saruji linatua mpaka kwenye madaftari. Watoto wakaniita Ticha Mwarabu, na wazazi wao kila Ramadhani wananiuliza, "Mwalimu, tende za kwenu zimefika?" Mwaka wa kwanza niliwaeleza kwetu ni Newala, kwetu korosho. Walicheka, wakadhani nawanyima. Mwaka wa pili nikachoka, nikaenda sokoni nikanunua tende kilo tatu nikawagawia, wakasema, "Unaona? Hizi za Oman zenyewe." Oman mie naiona kwenye ramani ya darasa la tano.

Basi binti yangu akapata mchumba. Kijana wa Kipare, mpole, fundi wa umeme, anafanya kazi na kampuni ndogo huku huku Kinyerezi tulikojenga. Wapare wakaleta habari kwamba watakuja kuposa Jumamosi, baada ya swala ya adhuhuri. Msemaji wa upande wetu ni kaka yangu, kwani kwetu mjomba ndiye mwenye kauli. Msemaji wao ni baba mkubwa wa kijana, mzee anayetoka Same, na tulishaonywa kuhusu huyo. Mzee yule alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo mpaka akastaafu, na bila yeye hakuna mtu wa ukoo ule anayethubutu kutamka neno posa.

Wiki ile mama mdogo, mdogo wake mama, ndiye mkubwa wetu aliyebaki, akanivutia chumbani akafunga mlango.

"Nimekuletea zawadi," akasema. "Najua kilichokukaa rohoni tangu msiba wa bibi yako. Kuna Myao mmoja Mbagala, mtani wetu wa kutupwa. Nimemwambia Jumamosi aje akutukane. Wewe tu, mwingine asimguse."

"Mama mdogo! Sasa mtani wa kuagizwa huyo ana raha gani?"

"Raha utaijua akishaanza. Mzee mweusi, ana kofia, atakuingilia jikoni bila hodi. Wewe jiandae."

Nilijifanya sitaki. Usiku nikawa najisemea majibu kitandani mpaka mume wangu akahamia sebuleni.

Jumamosi ikafika. Mbele ya nyumba vijana wanafunga turubai, geti limezibwa na viti. Mie niko uani na wanawake kama kumi, tunapika. Mara mlango wa nyuma ukasukumwa. Akaingia mzee, mweusi, kofia kichwani, kanzu imekunjwa mpaka kiwikoni. Hodi hakuna. Akatupita, akaenda moja kwa moja kwenye ndoo, akachukua kopo, akachota maji.

Ndiye huyo! Nikamrukia, nikampokonya lile kopo mkononi.

"Weka chini, Myao mkubwa wewe! Mlituuza utumwani kwa doti ya kaniki, haikuwatosha, leo mmetufuata Kinyerezi kutuibia maji! Hizo pua zimenusa pilau kutoka Mbagala?"

Wanawake wakapiga vigelegele. Yule mzee akabaki mkono hewani. Akanitazama uso, akatazama masufuria, akanitazama tena. "Samahani, mama," akasema. "Nadhani nimekosea nyumba." Akashusha mikono ya kanzu yake, akatoka kwa mlango aliouingilia.

"Kimbia, Myao, kimbia!" nikampigia kelele mpaka kwenye kona. Nikawa nasubiri arudi. Mtani akifukuzwa hurudi na nguvu mpya, ndivyo ilivyo. Dakika tano, kumi, kimya. Kumbe mbele basi dogo limeshafika, wakwe wanashuka, na mama wa kijana ananiuliza huku ananikumbatia, "Dada, baba mkubwa yuko ndani? Alitangulia na bajaji, alikuwa anawahi kutawadha."

Ndipo nikamjua yule mzee wa kopo.

"Yupo," nikasema. Hata sijui nilisema hivyo kwa nini. "Yupo, yupo, ngoja nimwite."

Nikatokea mlango wa nyuma nikakimbia. Mwenzenu na unene huu, kanga mbili, kilemba kinafunguka, mchanga wa Kinyerezi unakushika mguu kama una deni nao. Njiani watu wananiuliza, "Mama wa Kiarabu, kuna nini?" Sina hata pumzi ya kuwakatalia. Mawazo yangu yako kwa binti yangu aliyekaa chumbani na hina zake, hajui kwamba mama yake kamfukuza mshenga kama mwizi. Na chini ya wazo hilo kuna lingine, baya zaidi. Jamani, mie! Mie ambaye maisha yangu yote nalalamika kwamba watu wananitazama rangi wanamaliza, nimemwona mzee mweusi mwenye kofia nikamaliza. Sikumuuliza hata jina.

Msikiti uko mwisho wa barabara. Nikasimama nje karibu na viatu mpaka swala ikaisha. Akatoka, akaniona, akatafuta kandambili zake taratibu.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Umelileta kopo?"

Nikatazama mkono wangu. Nilikuwa nimekimbia nalo njia nzima. Nikajikuta napiga magoti pale pale kwenye mchanga, nikamweleza kila kitu kwa mkupuo: mie ndiye mama wa binti, na pale ndipo penyewe, na nilidhani yeye ni mtani wetu, Myao wa Mbagala, aliyeagizwa.

"Kwa nini ulidhani hivyo?"

"Weusi, mzee. Na kofia."

"Aa." Akafikiri. "Mie sikuondoka kwa hasira, mama. Niliambiwa nyumba ya Wamakonde. Nikaingia, nikakuta Mwarabu ananitukana Myao. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nikasema hii si yetu."

Nilitaka kucheka, nikashindwa, kwa sababu neno lile lilinichoma palepale panaponichomaga. Hata siku ninayotukana Kimakonde kabisa, mtu anaondoka anasema nyumba siyo. Nikamjibu, "Ni ya Wamakonde, mzee. Twende." Akachukua kopo mkononi mwangu akalibeba yeye. Tukarudi pole pole. Njiani alikuwa analigeuza kopo, analitazama, nami nikajua karani wa mahakama hatazami kitu bure.

Watu walishakaa kwenye mikeka, wakwe upande huu, sie upande huu, kaka yangu katikati kavaa kanzu yake nyeupe. Mie nikataka kujipenyeza ndani, kwani mama wa binti haketi kwenye posa. Mzee akanyoosha kidole. "Huyo abaki. Kabla ya posa kuna kesi."

Kaka yangu akanikata jicho. Wapare wenyewe wakaanza kukaa vizuri, nikaona kabisa jinsi walivyofurahi. Watu wale wanapenda kesi, ndiyo sifa yao. Mzee akaweka kopo katikati ya mkeka kama kielelezo, akaeleza kisa chote tangu bajaji mpaka mchanga, hakuongeza wala hakupunguza. Aliposema "Hizo pua zimenusa pilau" kwa sauti yangu mie, wakwe zangu wakainamia mapaja yao, mabega yanatikisika. Sie upande wetu hakuna aliyecheka. Kaka alikuwa anafuta jasho.

"Mtu asiye mtani wangu amenitukana," akasema mzee, "na nikiwa katika kutafuta udhu. Kwetu hapo kuna mawili. Ugomvi, au jambo jingine. Ugomvi siuwezi, nina kisukari. Kwa hiyo nataka nijue tusi hili lilitoka kwa nani. Mshitakiwa, kabila lako nani?"

Nilijua kitakachofuata, nimekisikia mara elfu: wee, Mmakonde gani wewe, acha utani. Nikasema kwa sauti ndogo, "Mmakonde."

"Shahidi?"

Mama mdogo akasimama. Ana miaka sabini na ushee, magoti mabovu, akasimama bila kusaidiwa. "Mie hapa. Huyu Mmakonde. Kazaliwa na Mmakonde, aliyezaliwa na Mmakonde. Huo uso wake ni wa mgeni aliyepita, ukoo haukumfuata. Kamuuguza mama yangu, kamfulia, kamzika, na siku ya msiba watani wakampa kiti. Kiti, mzee! Mie ndiye niliyemwita huyo Myao, mie ndiye wa kulaumiwa. Na Myao mwenyewe kapiga simu sasa hivi, yuko Mbagala, anaumwa jino."

Hapo hata upande wetu ukashindwa kujizuia. Mzee peke yake hakucheka. Alikuwa ananiangalia, na mie nikamwangalia yeye, nikamwona anafikiri kitu ambacho sikukijua. Hakuniuliza mara ya pili. Hakutazama nywele. Akasafisha koo.

"Basi hukumu. Tusi limetolewa na Mmakonde, tena la kweli, halina kasoro. Aliyelengwa anaumwa jino. Tusi lilinikuta mie. Siwezi kulirudisha, maana mwenyewe hayupo, na kulitupa ni israfu. Kwa hiyo nimelipokea. Kuanzia leo Wapare wa nyumba yangu na Wamakonde wa nyumba hii ni watani, mpaka kwa vitukuu, na atakayenuna atalipa mbuzi. Upande wa pili mnasemaje?"

"Tumekubali!" akasema kaka yangu, haraka kabla mtu hajabadili mawazo.

"Vizuri. Mshitakiwa, simama."

Nikasimama. Mzee naye akasimama, akaokota kopo, na kabla sijajua anataka nini, maji yote yakanipata usoni. Ya baridi! Yakaingia kifuani, yakashuka mpaka kwenye kanga.

"Mmakonde wewe!" akanifokea, sauti inasikika mpaka kwa majirani. "Mchanja chale! Mla panya! Mtu mzima unakimbia barabarani na kopo, umelikosa shimo la panya la kulimwagia? Toka hapa mbele yangu ukapike, na nikikuta mkia kwenye pilau langu mahari narudi nayo Same!"

Uwanja mzima ukalipuka. Vigelegele, makofi, mama mdogo anacheza na magoti yake mabovu, kaka yangu kajilaza chali mkekani anapiga miguu. Mie majibu yangu yote niliyoyatunza miaka thelathini, hata moja halikuja. Nilikaa chini pale pale, nimelowa kama ndugu zangu siku ya msiba wa bibi, nikalia kwa sauti, nalia na kucheka, kamasi na maji na wanja vyote pamoja.

Binti yangu akasikia kilio kutoka chumbani. Akatoka mbio, hina hazijakauka, ushungi umeanguka, akapiga magoti mbele yangu akanishika mabega. Uso umempauka kwa woga.

"Mama! Mama, wamekataa?"

"Hapana, mwanangu," nikamwambia. "Nimetukanwa."